Merikebu ya Bati ya Bwana Mpimaji

Baba yangu alipotea ziwani akifuata merikebu ya bati isiyozidi urefu wa mkono wangu. Jioni ile mwenye merikebu aliuliza jambo moja tu: imepatikana?

Juzi, hapa Rumonge, nilimwona mjukuu wangu akisukuma kijimashua majini bila kamba. Nikamnyang'anya. Alilia sana, na kwa kuwa bado ni mdogo mno kuelezwa, nakueleza wewe.

Enzi za Mdachi, watoto wa ufuo huu tulichonga mashua kwa mabua ya makuti ya michikichi. Tulizipaka mawese, vidole vikinuka kutwa, kisha tukafunga kamba nyuma. Bibi alisimamia kazi hiyo kwa ukali kuliko mwalimu wa chuoni. Mashua haikushushwa asubuhi, maana upepo wa asubuhi hushuka milimani na kupeleka kila kitu upande wa Kongo. Tulingoja adhuhuri, upepo ugeuke, ziwa lenyewe liturudishie. Haikushushwa penye watu wanaooga, na mshika kamba hakuruhusiwa kuingia maji ya kupita vifundo vya miguu. Aliyekosea, mashua yake ilitiwa motoni kuchemshia muhogo.

Ndipo akaja bwana wa Kidachi kulichora ziwa kwenye karatasi. Alipima kina chake kwa kamba ndefu kila siku, wala hakumuuliza mvuvi hata mmoja lolote.

Asubuhi moja alituita tuone ajabu. Akatoa sandukuni merikebu yenye bomba jekundu, akaitia ufunguo kama saa. Aliupinda usukani kidogo, akatuonyesha kwa kidole kwamba itazunguka na kurudi miguuni pake. Jirani yetu, aliyekuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akainua kichwa.

"Bwana, kamba iko wapi?"

Bwana akacheka. Jirani akatugeukia sisi watoto, akasema bila haraka, "Mukubwa huyu hakulelewa na bibi."

Merikebu ilizunguka nusu duara tu, ufunguo ukaisha nguvu, upepo ukaichukua. Bwana akalikaripia ziwa kwa Kidachi, kana kwamba ni mpagazi wake. Kisha akamnyoshea kidole baba, aliyekuwa akiziba ufa wa mtumbwi wake mdogo.

"Leta," akasema. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha.

"Tungoje adhuhuri, Bwana. Itarudi yenyewe."

Askari wake akasogea na kiboko. Baba akausukuma mtumbwi majini, ufa haujakauka, na alipopita kando yangu akanena kwa sauti ndogo, "Mwambie bibi asiningoje kula."

Adhuhuri upepo uligeuka. Ulituletea matete, kibuyu kilichopasuka na povu. Bwana alikuwa hemani akila kuku. Baada ya siku chache alifunga masanduku yake akaenda zake, na ziwa letu likiwa ndani ya karatasi zake, lisilo na upepo.

Siku hizi mabua ya makuti yanachomwa tu, na bibi wa kuwapokonya watoto mashua nimebaki mimi. Wadachi nao walishaondoka. Sijasikia mtu akiwalilia.

Siku ya tatu tangu baba aondoke, wavuvi waliuona mtumbwi wake huko Kigwena, ufuoni kusini mwa hapa, ukingoni mwa msitu. Ulikuwa umevutwa hadi mchangani, mbali na mawimbi, kasia limelazwa ndani na kufungwa vizuri. Merikebu ya bati haikuwamo.