Pori la Mbung'o Lilivyoanguka

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka masikio huniwaka moto, kisha hucheka peke yangu. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya mtemi, chifu wa Wasukuma wa upande wa Kishapu, miaka ile ya thelathini, enzi za Mwingereza. Tangu hapo nimetumikia umma mpaka nikastaafu nikiwa mkuu wa ofisi yenye makarani wengi, lakini kazi hiyo nilifundishwa siku ile, na mwalimu wangu hakujua kusoma.

Asili yangu ni Msumbwa wa Masumbwe. Nilifika Kishapu na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, viatu, na Kiswahili cha darasani. Nilijiona, mwanangu. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu kabla ya kwenda ulinipofusha macho.

Wakati huo mbung'o walikuwa wanatumaliza. Kila pori liliposogelea malisho, nao walisogea nalo. Ng'ombe walikonda, wakatokwa machozi, wakaanguka. Kaya nzima zilihama, na wanafunzi wangu wakapungua wiki hadi wiki, maana mzazi anayehama hamwachi mtoto nyuma. Mtemi akaamua pori lifyekwe. Akanituma mimi niwasomee watu amri yake siku ya gulio.

Nikapanda juu ya sanduku. Sikumwamkia mtu. Nikasoma kwa Kiswahili kizito, mara "mnaamriwa", mara "atakayekaidi", nikakunja karatasi, nikaenda zangu. Wengi waliokuwa pale walijua Kisukuma tu.

Asubuhi ya kufyeka walikuja watu wanne. Wanne, na pori lenyewe kulivuka ni mwendo wa saa nzima! Nikaghadhibika, nikaanza kuandika majina ya wasiofika ili mtemi awaadhibu. Mmoja wa wale wanne alikuwa Bibi Minza, mjane mzee aliyebakiwa na ng'ombe mmoja. Akaja na shoka lake begani.

"Ng'walimu, unaandika nini?"

"Majina ya wakaidi, bibi."

"Umewauliza kwa nini hawakuja?"

Nikaishusha kalamu.

"Wanaogopa," akasema. "Wamesikia kwamba tukishalisafisha pori, ardhi itachukuliwa na sisi tutafukuzwa. Wewe umesoma karatasi yako ukaondoka. Wangemuuliza nani? Mgongo wako?"

Kiboko kingeniuma kidogo kuliko maneno yale. Kila siku niliwaambia watoto kuuliza si ujinga, na mimi mwenyewe sikuuliza. Nikaichana orodha mbele yake, nikaenda kwa mtemi. Kumwambia mtemi kuwa watu wake wanamshuku si jambo dogo, lakini nikamwambia. Akasema, "Gulio lijalo nitakuja mwenyewe."

Na alikuja. Safari hii mimi nilisimama chini, nikawaamkia wazee kwa Kisukuma: "Mwangaluka!" Lafudhi yangu ikawavunja mbavu, hata wauza viazi wakaacha biashara wakicheka. Nikawaacha wacheke, kisha nikawaomba radhi. Mtemi akaapa mbele ya wazee kwamba malisho yatakayofunguka ni ya ng'ombe wao. Wakauliza maswali mpaka jua likafika utosini, na hakuna swali lililoachwa bila jibu.

Kesho yake, laiti ungeona! Alitangulia nsumba ntale, yule kiongozi wa vijana wanaolima na kucheza pamoja, ngoma ikilia. Nyuma yake vijana, kisha baba zao, kisha akina mama na mapanga na vyungu vya uji. Njia ilijaa watu hata sikuona mwisho wake. Mimi nilishika shoka la kuazima, na kufika saa nne viganja vimeota malengelenge. Bibi Minza akanitazama. "Chaki ni nyepesi, ee?"

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono ile iliiangusha migunga kama inavuna mtama, siku baada ya siku, kwa nyimbo na mashindano, mpaka asubuhi moja mti wa mwisho ukalala na tukaona ng'ambo: kijiji cha pili, na watu wamesimama wakitutazama. Wanawake wa kule wakapiga vigelegele. Wa kwetu wakajibu. Nililia, mwanangu, wala sikuona haya.

Misimu miwili ya mvua baadaye ndama walikuwa wanaruka pale palipokuwa na miiba. Waliohama wakarudi, na darasa likajaa hata wengine nikawafundishia nje. Bibi Minza akamleta mjukuu wake Kabula, wa kwanza kusoma katika ukoo wao. Kabula huyo baadaye akawa mwalimu, tena kunishinda mimi.

Basi wewe unayeanza kazi ya watu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Amkia kabla hujaagiza. Uliza kabla hujaandika jina la mtu kuwa mkaidi, maana nyuma ya ukaidi mara nyingi kuna hofu ambayo hakuna aliyeisikiliza. Ukikosea, omba radhi palepale ulipokosea, mbele ya walewale. Na kazi unayowaita watu waifanye, waikute mikononi mwako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio kubwa kuliko cheo chako, na kila utakakotumwa, watu wafurahi kwamba aliyetumwa ni wewe.