Nilishtakiwa kwa mjumbe kwa kuingia nyumba za watu bila hodi, ndani ya gemu la vita

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa pembeni, mwaka wa pili huu nasoma nyuzi zenu bila kuandika hata "asante". Nina aibu, na hilo mliweke akilini maana ndo kesi yenyewe. Haya nimeyanakili kutoka daftari langu la kila siku. Chumvi sijatia, na pale nilipoaibika nimepaacha vilevile.

Niko kidato cha tatu, ni msichana, naishi na Bibi hapa Ngamiani, Tanga. Kaka yangu Twaha alipokwenda chuo Dodoma aliniachia laptop yake yenye lile gemu la vita linalotoka jipya kila baada ya muda. Jina silitaji, mnalijua. Anayo karibu matoleo yote, kuanzia lile la kale ambalo askari wana nyuso kama boksi la sabuni.

Shuleni mwalimu akiniuliza swali, sauti inakata. Kwenye gemu nina marafiki watatu, tunaandikiana tu, mic sijawahi kuiwasha. Hawajawahi kuniona nikitetemeka.

Kwa hiyo ile laptop kwangu si mchezo.

Sasa Jumatatu moja nimerudi shule, Bibi akaingia chumbani kuchukua ungo. Akakuta askari wangu anapiga mlango teke, anaingia, anawamiminia watu risasi sebuleni.

Nikajua nitasemwa kwa ajili ya damu.

"Hiyo nyumba ya nani?"

"Ya adui, Bibi."

"Kwani adui hana mlango? Mbona hajapiga hodi?"

"Bibi, hii ni vita."

"Vita naiona, sijapofuka. Nakuuliza hodi. Na anayembonyeza huyu ni nani?"

"Mimi."

"Astaghfirullah. Mjukuu wangu mwenyewe!"

Wakuu, kuhusu maiti sita pale kwenye zulia hakusema neno. Alisema tu kwamba wamekanyaga zulia na viatu.

Baba mdogo alikuwa barazani anakunywa chai. Yeye ana biashara ya machungwa Muheza. Akadakia palepale: "Mama, nipe mie niipeleke dukani, nitawekea muziki. Ijumaa naondoka nayo."

Bibi akasema hahukumu peke yake. Akamwita mjumbe wetu, Mzee Faki, Mpemba, mtu ambaye kazi yake mtaani ni kuamua kesi za mbuzi na maji machafu. Akaja na kalamu na karatasi.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi mbele ya laptop kama yupo mahakamani.

"Yakhe, hawa tabia hii wamezaliwa nayo au wameipata ukubwani?"

Nikaambiwa nifungue matoleo yote, la kwanza hadi la mwisho. Ndo nikajikuta naeleza historia nzima ya gemu mbele ya wazee, tena kwa upande wa milango.

Toleo la kale ni vita vya zamani, na milango imechorwa tu ukutani, haifunguki. Askari wanapita nje.

"Hawa walikuwa na adabu," Mzee Faki akasema, akaandika.

"Ila wamevimba nyuso, masikini," Bibi akasema.

Matoleo yaliyofuata, ukiusogelea mlango unafunguka wenyewe. Mzee Faki akakunja uso. "Hapa ndipo walipoanza kuharibika."

Zikaja vita za kisasa, miwani ya kuonea gizani, na lile teke. Bibi akatazama pembeni.

Yakaja ya siku zijazo, maroboti, askari wanakimbia ukutani kama mijusi na kuingilia dirisha la ghorofani.

"Dirishani!" Bibi akasema. "Hata mwizi wa hapa Ngamiani anaanza kujaribu mlango!"

Nikamalizia na toleo jipya kabisa. Askari kavaa vazi la sungura, la pinki, anabandika bomu analipua ukuta mzima.

Mzee Faki akaweka kalamu chini.

"Sasa hapo hata pa kupigia hodi hapajabaki."

Naomba niwaambie ukweli. Nimesoma humu chambuzi zenu ndefu za hili gemu, graphics, bunduki, map, nani kaharibu nini. Hakuna hata mmoja wenu aliyegusa milango. Wazee wangu wamemaliza mjadala kwa nusu saa.

Hukumu ikatoka. Alhamisi baada ya swala ya alasiri nicheze mbele yao. Kila nyumba nipige hodi tatu, kwa sauti, mic ikiwa wazi, kwa kuwa "hodi ya moyoni si hodi". Nisipojibiwa nirudi nilikotoka. Nikiingia hata nyumba moja bila kukaribishwa, laptop inapanda gari la kwenda Muheza.

Kwenye toleo hili, mic ikiwa wazi adui aliye karibu anakusikia. Nilikaribia kuugua.

Alhamisi ikafika. Nikachagua ile mechi ya kila mtu peke yake, mnashushwa wengi, moshi wa sumu unazunguka na kubana mpaka abaki mmoja. Nikazikwepa nyumba zote. Nikalala kwenye mtaro robo saa nzima.

"Huyu askari au kenge?" Baba mdogo akauliza. Begi la laptop alikuwa ameshalipakata.

Tukabaki watatu. Sumu ikabana, na pa kuponea pakabaki mahali pamoja tu: nyumba, mlango umefungwa.

Nikasimama mlangoni. Nikawasha mic.

"Hodi."

"Hiyo hata kuku hajaisikia," Mzee Faki akasema.

"Hodi!"

Kimya. Sumu imeshafika mgongoni, damu yangu inapungua. Imebaki hodi moja. Nikafumba macho, nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe.

"HODIII!"

Ndani ikasikika sauti ya mvulana, imeshtuka.

"Ka... karibu!"

Nikaingia. Askari wake kasimama, bunduki ameishusha. Kabla sijasema kitu Bibi akainamia laptop.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa wapi wewe?"

"Pongwe."

"Pongwe kwa nani?"

"Kwa babu yangu, Mzee Mhina, fundi baiskeli."

"Ehee! Mhina aliyeanguka na ngazi? Mguu wake vipi?"

"Bibi samahani," mvulana akasema, "hapa inatakiwa mmoja wetu afe."

"Mgeni hata hajaketi!"

Wa tatu, wakuu, alikuwa amelala juu ya paa muda wote. Akalitoboa, akatumaliza wote wawili tukiwa bado tunaulizana ukoo.

Bibi akanyoosha kidole kwenye skrini. "Huyo wa paani ndiye wa kupelekwa Muheza."

Mzee Faki akaandika, akakunja karatasi, akasema kesi imefungwa, laptop ibaki. Baba mdogo akarudisha begi.

Usiku ule sikuandika mengi kwenye daftari. Niliandika tu: leo nimepaza sauti, na mtu akaniitikia.

Jumatatu nikatumwa staff room. Siku zote huwa nasimama mlangoni mpaka mtu anione. Nikapiga hodi. Mwalimu wa zamu akauliza nani huyo anayepiga kelele.

Nilichojifunza ni kwamba hili gemu wameongeza kila njia ya kuingia ndani, ila njia ya kukaribishwa hawajaiweka. Kama nina ombi kwa toleo lijalo, ni kitufe kimoja tu, na wote mnajua cha nini.

Nyie wenzangu mngeongeza nini? Semeni, msinicheke sana.

Na wewe wa Pongwe, kama umo humu, hukumjibu Bibi. Kila siku ananiuliza mguu wa babu yako unaendeleaje.