Sala Niliyoomba Katikati ya Magitaa

Afadhali niwaambie mwenyewe, mbele ya kusikia kwa Maman Zawadi, mwenzangu wa kanisani, maana yeye akieleza jambo anaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki: mimi, mama wa watoto watatu, muntu wa chorale ya kanisa, nilipanda kwa jukwaa la muziki wa magitaa nikafumbisha macho watu karibu mia mbili waliokuja kuruka, nikawaombea sala ndefu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba sala. Nikikumbuka, mpaka leo naficha uso, hata kama niko peke yangu jikoni. Na yote ilitoka kwa uongo mudogo tu, wa neno moja.

Riziki ni mutoto wangu wa mwisho, ana miaka makumi mbili na ine, na anapiga gitaa ya bass, ile ya nyuzi ine inayotetemesha sahani ndani ya kabati. Ako na kundi pamoja na Mateo, kijana wa Kolombia, na wengine wawili, wanaimba kwa Kihispania, yaani Mateo anatapika maneno haraka-haraka kama wale wa rap na nyuma yake magitaa yanalia kama ya rock. (Mutoto wa Bukavu na Kihispania, munaniuliza mimi? Alikijifunza kwa masomo, kingine kwa marafiki.) Walikuwa wanafanyia mazoezi, repetition, kwangu Schaerbeek, hapa Bruxelles, chumbani, jirani Mturuki wa chini anagonga dari na ufagio, na mimi nagonga mlango. Siku moja nikachoka, nikamwambia achague, gitaa ao hii nyumba. Nilifikiri nimeuliza swali lenye jibu moja. Mutoto akachagua gitaa, akahamia mtaa wa Etterbeek na wenzake, na kwa miezi munane tukawa tunaongea kwa simu habari ya mvua na baridi, basi.

Kisha albamu yao ikatoka. Jina lake kwa Kihispania ni kusema "Jirani wa Juu", nyimbo kumi na mbili. Akanitumia kwa simu na ujumbe: "Maman, albamu yetu njo hii. Sikiliza yote, halafu unipigie."

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee nyumbani kwao, na asubuhi ile nilikuwa kwa mamie mumoja, bibi wa miaka karibu tisini. Nikaweka simu mezani, nikaanza kumusafisha, na wimbo wa kwanza ukaanza na gitaa kama mashine ya kutoboa barabara. Mamie akafungua macho yote mawili. Nikakimbilia kuzima, nikijua leo nitaua muzungu wa watu, lakini akanishika mukono: "Laissez, laissez." Bon, nikaacha. Tukafika wimbo wa tatu, kidole chake kinapiga-piga shuka, alafu masaa yangu yakaisha na tramu haingojei muntu. Nikajiambia nitamalizia nyumbani. (Munajua hiyo "nitamalizia nyumbani".)

Siku tatu zikapita, Riziki akapiga yeye mwenyewe.

"Maman, umesikiliza?"

"Ndiyo."

"Yote?"

Hapa sasa. Ningesema tu, bado, niko kwa ya tatu, mutoto angengoja. Lakini sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuisikia tangu alipobeba mifuko yake, na nikaogopa kuizima.

"Yote, mutoto wangu."

"Na ya tano? Haukukasirika?"

(Muntu mwenye akili angeuliza nikasirike juu ya nini.) "Nikasirike? Hiyo njo napenda kupita zote!"

Nikasikia anavuta makamasi. "Donc dimanche utakuja? Tunapiga albamu yote. Ya tano ikifika nitakuita, utapanda, Mateo atakupatia micro. Unajua ya kusema."

"Najua, mutoto wangu, usijali."

Na kwa kweli nilifikiri najua! Kwetu, wakimupatia mama micro, kile kipaza sauti, katikati ya sherehe, anasema nini? Anaomba. Ndoa anaomba, matanga anaomba, anniversaire ya mutoto wa mwaka mumoja, keki iko inayeyuka, anaomba. Sijawahi kuona mama wa Kivu amepewa micro akafanya kitu kingine.

Jumapili, ile dimanche yenyewe, nikatoka kanisani moja kwa moja na Maman Zawadi, tumevaa pagne zetu za chorale na vitambaa vikubwa kichwani, tukaingia ndani ya ukumbi, salle moja ya Schaerbeek, saa kumi ya mchana. Ndani watu wote wamevaa nyeusi, suruali zimepasuka magotini, Zawadi akanifinya: "Dada, hapa ni kwenyewe?" Muziki ulipoanza nikaziba sikio moja, lingine nikaliacha kwa heshima. Wanasukumana, wanagongana, kijana mumoja akaanguka, nikapiga kelele "Yesu!", lakini watano wakamwinua mara moja, wakamupangusa, wakamurudishia kofia, kisha wakaanza kumusukuma tena. Nikaona kumbe ni upendo, ila upendo wenye viwiko. Papa mumoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa amefunga macho anaimba neno kwa neno. Na katikati, Riziki wangu na gitaa yake, ametulia, kama muntu aliye kwake. Fahari ilinishika, siwadanganyi.

Wimbo wa ine ukaisha. Riziki akakaribia micro akasema kwa Kifaransa kwamba leo maman yake mwenyewe ako hapa, na salle yote ikapasuka! Watu wakageuka, wakanifungulia njia, wananigusa bega, "La mamá! La mamá!", wengine wanatoa simu. Na mimi napanda ngazi nikiwaza, eh, hawa watoto tuliwahukumu bure, kumbe wanapenda sala hivi.

Nikashika micro. "Tusimame wote." (Walikuwa wamesimama tangu saa kumi.) "Tufumbe macho. Fermez les yeux."

Wakafumba! Nikaanza. Nikamushukuru Mungu kwa salle, kwa moto wa umeme, kwa mamie wangu, nikamwomba awapatie hawa vijana kazi nzuri, na wale ambao suruali zimepasuka awapatie zingine, na kila nikisema "Amina", Zawadi anajibu kule nyuma na yule wa ngoma anapiga ngoma moja, pum! Nikaona anasaidia, nikaongeza. Nikafika kwa wasafiri na wagonjwa ndipo nikasikia mukono kwa bega langu.

"Maman, unafanya nini?"

"Naomba."

"Useme maneno yako, maman. Ile ya ndani ya wimbo."

"Maneno gani?"

Riziki akaniangalia. Haikuwa hasira, ningependa iwe hasira. Akasema polepole, "Haukusikiliza."

Mateo, masikini, akataka kutuokoa, akabonyeza kitu kwa mashine yake. Mlango ukagongwa kwa nguvu ndani ya maspika, alafu sauti ya mwanamuke, kali, ya kuchoka, sauti yangu mimi: "Riziki! Punguza makelele! Nakuja!" Na watu mia mbili, Wakolombia, Wabelgiji, papa wa ndevu, wakajibu pamoja kwa Kiswahili changu, wanaonyesha mlango na kidole: "NAKUJA!" Magitaa yakaanguka juu yao, salle ikaruka yote.

Nikabaki pale nimeshika micro, kitambaa kimeinama kichwani. Siku alipokuwa anarekodi chumbani mashine ilinikamata, na mutoto hakunifuta, aliniweka katikati ya albamu yake. Watu wote wa ile salle walikuwa wamenisikiliza mara kwa mara. Mimi peke yangu njo sikujisikiliza. Nikashuka, Zawadi akaniuliza, "Sala imekwisha?"

Mwisho wa muziki nilimukuta Riziki anakunja kamba za maspika, hakuinua kichwa. "Ulisema unaipenda kupita zote." Nikaenda kupanda tramu.

Asubuhi yake nikaenda kwa mamie, nikamuweka vizuri kwa mito, tukasikiliza ya kwanza mpaka ya kumi na mbili bila kuruka hata moja. Nyumbani nikarudilia. Kisha nikapiga simu.

"Riziki, nimesikiliza."

"Mm."

"Ya saba, pale gitaa yako inabaki peke yake, nililia, na sijui hata wanasema nini. Lakini ya tisa ni mbaya."

"Mbaya?"

"Mbaya kabisa. Ndefu, na Mateo anapiga makelele bila sababu. Hata mamie alisinzia."

Alafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Maman, ile ya tisa niliikataa wiki mbili nzima! Walinishinda kwa kura." Kisha sauti ikashuka. "Donc kweli umesikiliza." Na baadaye kidogo: "Uko na sombe?"

Nilikuwa nayo, majani ya muhogo anayopenda tangu mudogo. Nikaibeba mpaka Etterbeek, sufuria magotini.

Tangu siku ile nimeapa: muntu akiniuliza kama nimesikiliza, hata kama ni mahubiri ya pasteur na yeye mwenyewe njo anauliza, nikisinzia nasema nilisinzia. Mwezi uliopita waliniita tena kwa jukwaa. Nikashika micro, nikasema maneno yangu ine ya mlangoni, nikashuka. Sala niliishaiomba ndani ya tramu.