Droni Kwenye Harusi ya Shemeji

Ninasimulia haya nikiwa bado sijarudi ukweni, na sijui nitarudi na uso gani.

Jumapili iliyopita tulikuwa Nyansiongo kwenye harusi ya shemeji yangu. Mpiga picha alileta droni, na kila ilipopita juu ya hema wazee waliinamisha vichwa. Mimi, mtu wa Kisii mjini, niliwacheka. "Hiyo ni kamera tu, wazee wangu. Haiumi."

Baada ya kula matoke mpaka shati likanibana, nilisinzia. Mke wangu Kwamboka, aliyeketi kando yangu, aliinuka kwenda kugawa soda. Sikumwona akiondoka.

Nilizinduliwa na mvumo sikioni, kama mzinga mzima wa nyuki, na upepo ukinipuliza shingoni. Nikapiga yowe. Nikamkumbatia mwanamke niliyemhisi akipita karibu nami na kuficha uso kwenye leso yake.

"Kwamboka, usiniache!"

Mkono ukanipapasa kichwa taratibu, jinsi mtoto mwenye homa anavyopapaswa. Moyo ukatulia. Nikazidi hata kumkaza, maana ni siku nyingi sijabembelezwa hivyo.

"Siwezi kukuacha, baba," sauti ikasema kwa upole. "Lakini Kwamboka yuko pale na kreti ya soda."

Niliinua uso, nikajikuta nikitazamana na mama mkwe, ambaye kwa heshima zetu za Kigusii, tangu nioe, sijawahi hata kumpa mkono.