Gari Niliyoinunua kwa Mtu wa Matiliku

Shule niliiacha darasa la tano na haijawahi kunikosesha usingizi. Mbuzi ndio walinisomesha. Leo ukiuliza jina langu pale Zombe, hata mtoto atakuonyesha duka langu, kisha akuonyeshe la pili. Kwa hiyo nilipoamua kununua gari, nikasema pickup zimetosha. Nataka ile ndogo ya kifahari ya Kijerumani, iliyoinuka kidogo, viti vya ngozi, paa la kioo. Ile mameneja wa Nairobi huendesha wakiwa peke yao.

Mtu mmoja wa Matiliku alikuwa nayo. Alikuwa meneja, kazi ikaisha, akarudi Makueni kulima machungwa. Akaniambia kwa simu, na Kiswahili chake cha ofisi, nikaribie Matiliku niione.

"Ilete Zombe," nikamwambia. "Nikiipenda, nalipa hapo hapo."

Hiyo ni akili ya soko la mifugo. Mtu akishatembeza ng'ombe wake kutoka mbali, na jua limeanza kushuka, hamrudishi nyumbani. Njiani hakuna nyasi, hakuna maji, na watoto wanangoja unga. Mnunuzi anayejua kazi hafungui mdomo asubuhi. Huyu alisoma mpaka chuo kikuu na hakuna mtu alimfundisha hilo.

Alifika mapema, shati jeupe, gari imejaa vumbi jekundu. Mimi nilikuwa hotelini nakunywa chai na rafiki yangu Msomali, mnunuzi wa ngamia. Nikamwacha asimame kwa jua. Alasiri ndiyo nikatoka.

Niliizunguka kama fahali. Nikalala chini kuangalia kama inavuja, nikapapasa viti. Ngozi naijua.

"Hii ilikuwa ng'ombe mzee," nikasema.

"Viti havina shida, boss."

"Sijataja bei na wewe umeshaanza kumtetea?"

Watu wakacheka. Yeye pia akajaribu.

Nikashika usukani, yeye akakaa kando yangu, Msomali nyuma. Tukapanda barabara ya kwenda Kitui. Injini ilikuwa kimya kama imelala, na kwa mlima haikulia hata kidogo. Nilikuwa nimeshaipenda. Bei aliyotaja kwa simu ilikuwa ya haki na pesa nilikuwa nayo.

Hapo simu yake ikalia. Ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, kwa hiyo sauti ya mkewe ikatoka kwa milango yote, kwa Kikamba safi:

"Baba watoto, hawa wa kuchimba kisima wamefikia maji. Wanasema bomba zisipofika leo wanang'oa mashine yao, na shimo litajifukia. Uza. Hata akikupa nusu, uza."

Alinyakua simu, akabonyeza huku na huku, na gari ikaendelea kuongea. "Unanisikia? Nimewapikia ndiyo wangoje kidogo, lakini hawakai."

Akaizima. Mimi ni Mkamba. Niliendesha mpaka juu ya mlima, nikageuza.

"Nusu," nikasema.

"Mzee, tulikuwa tumeelewana."

"Mke wako ndiye amepanga bei. Mimi ni nani nimpinge mama wa nyumba?"

"Ongeza kidogo tu bomba zifike chini. Maji yameshaonekana."

"Basi rudi nayo Matiliku. Taa ya mafuta imewaka, lakini wewe una nguvu, utasukuma."

Msomali akaniinamia kutoka nyuma. "Ndugu yangu, hata mnyama wa kuchinja tunampa maji kwanza."

"Anayo. Si umesikia yameonekana?"

Hakucheka. Aliangalia dirishani mpaka tukafika sokoni, na siku hiyo hakumaliza chai niliyomnunulia.

Yule mtu alitia sahihi karatasi za gari juu ya boneti, pesa ikaingia kwa simu yake. Akaniomba nimfikishe Kitui mjini apate gari ya kwenda kwao. Nikamwita mtu wa bodaboda. Gari yangu haiwezi kuanza kazi ya teksi siku ya kwanza. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa kiti cha mtoto alichokuwa amesahau, akaondoka amekipakata.

Bomba alizonunua hazikufika chini. Najua kwa sababu baadaye nilienda upande wa Matiliku kutafuta mbuzi, na wenye mbuzi wakanionyesha: rundo la udongo mweupe kando ya nyumba, na michungwa imekauka kwa mistari. Mkewe pia walinionyesha, barabarani akitoka kununua maji, mitungi miwili imekaa chini akipumzika. Aliijua gari kabla hata ya kuniona mimi. Nikangoja matusi, maana nilikuwa na majibu.

Akakaribia dirisha. "Mzee, nisaidie na hii miwili mpaka kwa geti yetu. Si mbali."

"Itamwagika," nikamwambia.

"Ina vifuniko."

Nikapandisha kioo.