Sweta Mbili za Mtoto na Uzito wa Ndege

Juzi nilikuwa uwanja wa ndege Mbeya na mwanangu wa miezi saba, kesho yake afanyiwe upasuaji wa moyo Dar, mara dada wa kaunta akatangaza: "Samahanini abiria, jua limekuwa kali na huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Ndege haiwezi kuruka na uzito wote huu. Lazima tupunguze."

Apunguzwe nani? Tiketi yangu niliikata ya mwisho! Basi haraka haraka nikamvua mtoto kofia, sweta ya juu, na sweta ya ndani.

Mzee aliyekuwa na gunia la mchele wa Kyela akashangaa. "Binti, wafanyaje?"

"Napunguza uzito, baba. Kesho huyu anapasuliwa moyo Dar."

Hakucheka. Akalisukuma gunia lake kaunta. "Huu mchele uje kesho. Mtoto aende."

Abiria wenye ndizi nao wakaacha mikungu yao. Dada akapiga hesabu upya, akaniinamia. "Mvalishe, mama. Hakuna anayebaki."

Fizikia nilifaulu kidato cha nne, lakini hofu haijasoma. Dar tulishuka kwenye joto lile, mtoto na sweta zake mbili, na mimi sithubutu kumvua hata moja, nisije nikawakumbusha habari ya uzito.