Mabuu Waliolelewa Ndani

Nzi ananiudhi. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu nakuja kumsifu mwanamke aliyewafuga miaka kumi na mmoja, na sitaki mtu aseme nami nilikuwa mshabiki wao. Kazi yangu katika ile maabara ilikuwa kuosha na kuchemsha vyombo. Chupa, visahani vya kioo, vikoleo, chochote kilichogusa uchafu kilipita mikononi mwangu, na wenzangu waliniita Mzee Sabuni hata kabla sijaota mvi.

Yeye tulimwita Mama Nzi, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa fundi wa maabara, mwembamba, mwenye sauti ya chini na kucha fupi kuliko za mtu yeyote ninayemjua. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, dirisha limewekwa wavu mara mbili, na ndani mna vizimba vinne vya nzi wa kijani. Kila asubuhi aliwapa maji ya sukari na kipande cha ini, nao wakataga kwenye lile ini. Yale mayai aliyaosha kwa dawa, akayasuuza, akayaosha tena, hata yakianguliwa wanatoka mabuu wasafi kuliko mikono ya madaktari ninaowafahamu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, ya kupima kama ute wa mabuu hao unaua vijidudu vya vidondani, hasa vile vikaidi ambavyo dawa za kawaida zimevishindwa.

Harufu ya ini lililokaa siku tatu sina maneno ya kuieleza. Mke wangu alikuwa ananivua shati mlangoni. Mama Nzi alishaizoea, na mara nyingi nilimsikia akiwasemesha wale mabuu, "Haya, twendeni, taratibu," kama anavusha watoto barabara. Nilikuwa natikisa kichwa na kurudi kwenye sinki langu.

Alikuwa na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minne, na dada, ambaye hakuwa ametimiza hata kumi na minane, akaachiwa wadogo watano. Aliwalisha, akawasomesha, na katika shughuli hiyo akasahau kuolewa. Alikuwa mwanamke mwenye neno kwa kila jambo, na hakuna kiumbe alichokichukia duniani kama nzi. Ukiacha sufuria wazi nyumbani kwake, utajuta. Siku aliposikia mdogo wake ameajiriwa kufuga nzi alinyamaza siku mbili, na waliomjua wanasema hakuwahi kunyamaza hata saa mbili.

Basi kisukari kikampata ukubwani. Baada ya miaka kadhaa kikaja kidonda, chini ya wayo wa kulia, kidogo kama punje ya mahindi. Kilitokana na msumari wa kiatu ambao hakuusikia. Kikakaa miezi minane, kikapanuka, kikaanza kunuka. Dawa ya kwanza ikashindwa, ya pili ikashindwa, na ya tatu nayo. Daktari wa upasuaji, mtu mkavu lakini mwadilifu, akasema bila kuzunguka kwamba Ijumaa anaukata mguu chini ya goti, kabla uozo haujapanda.

Mama Nzi alimfuata ofisini, akamwomba awajaribu mabuu kwanza. Alinisimulia mwenyewe alivyojibiwa. "Siwezi kuweka funza kwenye mguu wa mgonjwa kwa sababu mdogo wake anampenda," daktari alisema. "Nionyeshe kwenye kisahani kwamba ute wao unaua vijidudu vya kidonda hiki, hiki hiki, nami nitaweka kisu chini."

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Unachukua usaha wa mgonjwa, unaotesha vijidudu vyake, unavipaka juu ya rojo iliyoganda kwenye kisahani. Unachovya vikaratasi vya mviringo, kimoja kwenye maji matupu, kimoja kwenye dawa, kimoja kwenye ute wa mabuu, unavipanga juu ya ile rojo, kisha unafungia kisahani kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Vijidudu vikiota, rojo yote inafunikwa na utando wa rangi ya maziwa. Ila pale penye kitu kinachoviua, utando haufiki, panabaki duara safi kuzunguka kikaratasi. Duara likiwa kubwa, furaha kubwa.

Jumatatu asubuhi tukafungua kabati. Hakukuwa na duara. Mkuu wa maabara, mzee mmoja mwenye huruma iliyozidi kipimo, alikiinua kisahani kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Mimi hapa naona kivuli," akasema. "Chembamba, lakini kipo. Tunaweza kuandika milimita moja."

Mama Nzi akakichukua, akakitazama muda mrefu. "Kivuli si duara," akasema. Akaandika: hakuna.

Nitasema kweli, nilimkasirikia. Mguu ni wa dada yako, mkuu wako amekufungulia mlango, na bado unaleta ugumu? Mimi ningeandika milimita mbili na kwenda zangu kunywa chai. Niliosha vyombo siku hiyo kwa kelele mpaka nikavunja chupa.

Jioni, saa za kuona wagonjwa, nilimsindikiza wodini. Sikuamini kama angefika peke yake. Dada alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto, akimkosoa muuguzi jinsi anavyokunja shuka.

"Uso huo umeuleta wa nini?" akamuuliza mdogo wake.

"Hawakuua, dada."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Na umeandika hivyo hivyo?"

"Nimeandika."

Dada akashusha pumzi. "Afadhali. Ungeandika uongo kwa ajili yangu ningekuchapa, na mguu wangu mmoja huo huo." Kisha akamshika mkono, akaukalisha juu ya paja lake. Mimi nikajifanya nasoma tangazo la ukutani kuhusu kunawa mikono.

Halafu dada, ambaye kimya hakimkai mwilini, akauliza, "Hebu niambie, hao watoto wako unawaleaje?"

Mama Nzi akamweleza yote, mayai yanavyooshwa, yanavyosuuzwa, chupa zilizochemshwa, chakula kilichochemshwa. Akaeleza kwa fahari kidogo, hata katika majonzi yale.

"Kwa hiyo tangu wazaliwe hawajakutana na uchafu."

"Hawajakutana."

"Na hicho kijidudu changu hawakijui."

"Wangekijulia wapi, dada? Nawakamua ute, natia kwenye kikaratasi. Wao wenyewe hawakioni."

"Sasa unataka wajiandae kupigana na nani?" Dada akajiweka sawa kwenye mto. "Wewe nilikufungia ndani karibu mwaka mzima ulipokuwa na kifua. Siku ya kwanza nakutoa nje, jogoo wa jirani akakujia mbio, ukasimama tu kama mti, unalia. Hukujua kuwa jogoo anafukuzwa. Baada ya wiki moja ni wewe uliyekuwa unamkimbiza, mpaka mwenyewe akaja kunishtaki."

Nilicheka. Mama Nzi hakucheka. Alimtazama dada yake kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali, akainuka, akatoka bila kuaga. Nilimkuta kwenye ngazi ameshafika chini.

Jumanne alipofungua chumba chake alikuwa na mpango. Aligawa mabuu makundi mawili. Kundi moja likabaki safi kama kawaida. La pili akaliweka siku nzima kwenye chakula kilichopakwa vijidudu vya kidonda cha dada, liishi navyo na kuvila. Jumatano akayakamua makundi yote mawili, akauchuja ute kwa kichujio kisichopitisha hata kijidudu kimoja, akapanga vikaratasi vinne, maji, dawa, ute wa mabuu safi, na ute wa waliokwisha kukutana na adui. Nyuma ya kisahani akaandika namba tu, akaifungia orodha yake kwenye bahasha.

Sasa nani asome? Yeye hakuruhusiwa, mgonjwa ni ndugu yake. Mkuu wa maabara akakataa. "Mimi juzi nilishaona kivuli," akasema kwa aibu. "Sifai. Anatakiwa mtu asiyejua namba ipi ni ya nani." Wote wawili wakanigeukia. Miaka yote ile kutojua kwangu kulikuwa mzaha wa ofisi, na siku hiyo kukanipa cheo.

Alhamisi asubuhi nilinawa mara tatu, nikashika rula. Mama Nzi alisimama ametugeuzia mgongo, paji la uso limegusa mlango wa jokofu.

"Namba moja, hakuna," nikasema. "Namba mbili, hakuna."

Mkuu alikuwa anaandika. Nikaisogeza rula.

"Namba tatu. Kumi na tano."

"Pima tena," Mama Nzi akasema, bila kugeuka.

Nikapima tena. Nikakizungusha kisahani nikapima upande mwingine. Lilikuwa duara safi kabisa, lisilohitaji huruma ya mtu. "Kumi na tano," nikasema. "Na namba nne, hakuna." Mkuu akapasua bahasha. Namba tatu walikuwa ni wale waliokutana na adui. Dawa yenyewe haikuwa imefanya lolote.

Mabuu walikuwa wazima siku zote. Kipimo chetu ndicho kilichokosea, na kilikosea kwa usafi. Mama Nzi aliteleza akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, naye si mtu wa kulia. Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nalia pia, na sioni sababu ya kulificha.

Daktari alishuka mwenyewe. Alikiinua kisahani dirishani, akauliza maswali mengi, yote ya haki. Mwisho akauliza, "Utanipa wangapi?"

"Mia mbili," Mama Nzi akasema. "Wasafi. Watajifunza hapo hapo mguuni."

Ijumaa ile saa ya kisu ikapita na mabuu wakawekwa, wadogo kama punje za mchele, wakafunikwa kwa wavu na bandeji. Dada alifumba macho hadi mwisho. Kwa siku tatu Mama Nzi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Siku ya kwanza dada hakutaka wazungumziwe. Siku ya pili aliniambia, "Hawana kelele, hawagombani, wanakula wanachopewa. Hao ningelea hata mia tano."

Jumatatu bandeji ikafunguliwa. Mabuu walikuwa wamenenepa, wakatolewa kwa maji wakahesabiwa, wote mia mbili. Uozo ulikuwa umekwisha. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, mbichi, inatoa damu. Daktari aliinama, akanusa, akabonyeza kingo kwa kidole. Akasema kidonda kitachukua miezi kufunga, na vidole viwili vya mwisho havikumpendeza, atavifuatilia. "Lakini mguu huu siukati," akasema.

Dada hakumtazama daktari, wala mguu. Alimtazama mdogo wake usoni, kuhakikisha kwamba ni kweli. Mama Nzi akaitikia kwa kichwa. Akamwomba muuguzi beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akaupakata ule mguu, akaanza kuuosha kutoka kwenye goti kushuka, akikiepuka kidonda, katikati ya kidole na kidole, polepole. Mimi kuosha ndiyo kazi yangu, na sijapata kuona kitu kikioshwa namna ile.

Alipomaliza aliukausha, akaushika tu, hajui auweke wapi.

"Na huo mwingine," dada akasema, akiuvuta wa kushoto kutoka chini ya shuka. "Osha na huo. Iko miwili."